Alama za Miguu ya Viti

Dada yangu haketi kwenye kiti kabla hajakipindua. Ukimkaribisha kwako atakusalimia vizuri, atauliza habari za watoto, kisha atakigeuza kiti ulichompa miguu juu, achungulie kama kimeungwa kwa gundi, kwa misumari au kwa kuchomeka mbao ndani ya mbao. Siku tuliyompeleka mama kwa daktari wa macho alitaka kupindua hata benchi la kusubiria, na upande wa pili alikuwa amekaa mzee wa watu. Nilimvuta gauni akaacha. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na kazi ya kumvuta gauni nimeifanya tangu utotoni.

Kazini wanamwita Sogeza. Hupanga vyumba vya kupigia picha za katalogi ya duka la samani, na kutwa neno lake ni hilo hilo: sogeza taa, sogeza kikombe, mkono wa kikombe uelekee dirishani. Mpiga picha wao anasema aliwahi kumaliza asubuhi nzima kwenye mto mmoja wa kochi. Sishangai, mto wenyewe niliushona mimi, mara tatu. Sakafu ya studio yao imejaa vipande vya tepu, kwa sababu kiti kikishakaa sawasawa, kila mguu huwekewa alama, ili anayefagia akikiondoa kirudi pale pale. Ukikanyaga alama hizo, Sogeza hana dogo.

Homa hii ya vitu haiishii kazini. Pakiti za maziwa huzipasua kwa wembe, akazilaza bapa kwenye faili apate kuzitazama herufi zake. Tukipita mbele ya duka la dawa lazima asimame kugombana na kibao, eti herufi mbili zimebanana na ya tatu imeachwa mpweke. Nilipomuuliza haya yote yanamsaidia nini, alinishangaa mimi. Alisema kila kitu kilichotengenezwa, kuna mtu alikaa akakifikiria, na yeye anataka kujua mtu huyo alifikiria nini.

Basi macho ya mama yakafifia. Daktari alisema kilichopotea hakitarudi, ila kilichobaki kitakaa naye muda mrefu akipata nyumba ambamo ataweza kujitafutia vitu mwenyewe. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alitaka kumchukua kwake, mwendo wa siku nzima kwa basi, ambako ameshamtafuta msichana wa kumshika mkono asubuhi mpaka jioni. Mama hakutaka kushikwa mkono, alitaka kukaa na sisi. Mjomba ni mtu mwema lakini akishasema amesema. Alitupa mwezi mmoja: mama akianguka, anakuja kumchukua. Akaagiza begi la mama likae mlangoni bila kufunguliwa.

Sogeza aliiandaa nyumba tunayokaa sisi wawili kwa moyo wake wote, na hapo ndipo alipoharibu. Kwa watu wa kazi yake, chumba kikisumbua dawa ni kupunguza. Aliondoa zulia, akaondoa mapazia ya maua, akaondoa vigoda. Kuta zikawa nyeupe, viti vyeupe, kochi la rangi ya maziwa, meza ya kioo, sakafu ya kijivu iliyopauka. Kapu langu la vitambaa na mto wangu wa rangi ya chungwa vilifungiwa kabatini kama wahalifu. Nikiri kwamba ilipendeza. Mama aliingia, akasimama katikati ya sebule, akasema kwa upole kwamba anajiona kama ameingia ndani ya yai.

Tulicheka. Hatukupaswa kucheka.

Wiki ya kwanza mama alimimina chai pembeni ya kikombe, kwa kuwa kikombe cheupe juu ya meza ya kioo kwake hakikuwepo. Alitafuta mlango kwa kupapasa ukuta. Hakulalamika, maana mama ni mtu wa kukaa na kiu kuliko kusumbua. Wiki ya pili, asubuhi, nikiwa kwenye cherehani nilisikia kishindo. Mama alikuwa amekalia hewa. Kiti kilikuwa nusu hatua tu kutoka pale alipokizoea, kwa sababu Sogeza, kabla ya kwenda kazini, aliona mwanga haukiangukii vizuri akakisogeza. Mfupa haukuvunjika. Mama aliniuliza kwanza, bado yuko chini, kama ni lazima mjomba ajue.

Sogeza aliporudi kutoka kazini nilimpa za uso. "Dada, hapa si studio," nilimwambia. "Umempigia mama picha, hujamtengenezea nyumba."

Alikaa sakafuni akalia, nami nikayajutia maneno yangu nusu. Nusu nyingine sikuijutia. Mama, ambaye hajui kudanganya hata kwa faida yake, alimpigia mjomba simu mwenyewe akamweleza. Mjomba akasema atafika Jumamosi. Zilibaki siku nne.

Kesho yake Sogeza aliomba ruhusa kazini. Alichukua miwani ya marehemu baba, akaipaka mafuta ya mgando vioo vyote viwili, akaivaa, akaanza kutembea ndani ya nyumba mikono mbele. Aligonga goti kwenye meza yake ya kioo. Aligonga tena, goti lile lile. Mama alikuwa kwenye kochi anasikiliza, ananiuliza kila saa dada yako anafanya nini, nami nilikuwa namfuata nyuma kwa sababu nilitaka kuona mwisho wake.

Nilifungua kabati kuchukua uzi. Sogeza akageuka, akanyoosha kidole, akaja moja kwa moja bila kupapasa, akaweka mkono juu ya mto wangu wa rangi ya chungwa. Katika nyumba nzima, hicho ndicho kitu pekee alichokiona. Nilijikaza nisicheke, na nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote niliyowahi kumpa.

Akaleta faili zake za pakiti, akazitandaza sakafuni, akazitazama moja moja kwa miwani ile yenye mafuta. Alizozipenda kuliko zote, zenye herufi nyembamba za kijivu juu ya nyeupe, ndizo zilizopotea kwanza. Ikabaki pakiti ya sumu ya panya, ya njano, imeandikwa kwa herufi nene nyeusi, ambayo alikuwa ameitunza ili kuwaonyesha watu ubaya. Aliishika muda mrefu. "Huyu alikuwa anajua anachokifanya," alisema.

Siku zile nne hatukupumzika. Yeye alipaka fremu za milango na milango ya makabati buluu iliyokolea, mimi nikashona vifuniko vya viti vya rangi ya chungwa. Meza ya kioo ilitoka, ikaingia ya mbao, ukingoni tumeizungushia tepu nyeusi. Vikombe vilibaki vyeupe lakini vikapewa sinia jeusi. Makopo ya jikoni yalipakwa njano na kuandikwa SUKARI, CHUMVI, MAJANI, kila herufi upana wa vidole vitatu, na bado Sogeza aliifuta ile ya pili akaiandika upya kwa sababu herufi zake zilibanana. Safari hii lakini mwamuzi alikuwa mama. Kila rangi alisogezewa, akaulizwa hii unaiona, na hii. Nyekundu aliikataa, akasema jioni inalala, haionekani. Siku ya tatu alikuwa anatutuma kama vibarua, na anafurahi.

Mwisho Sogeza akapiga magoti akaweka tepu kwenye kila mguu wa kila kiti. Akatuapia kwamba hatasogeza tena kitu humu ndani. Mama alimwambia asiape sana, aweke tu.

Jumamosi mjomba alisimama mlangoni, pembeni ya begi, akaangaza huku na huku. Alisema nyumba imekuwa kama duka la pipi. Sogeza aliinamisha kichwa. Nilijua linamuuma, maana asubuhi ile nilimkuta anaitazama rangi ya chungwa ikikutana na buluu, uso ameukunja kama mtu mwenye jino bovu.

Mama alipita katikati yetu kwenda jikoni, tukasikia kopo likifunguliwa na kufungwa. Alirudi na sinia mkononi, akaliweka mezani ndani ya ule ukingo mweusi, akamimina chai kwenye vikombe vinne bila kumwaga tone. Mjomba alimtazama mikono muda wote. Kisha, akitaka kukaa karibu naye, alivuta kiti kimoja.

"Rudisha kiti mahali pake, kaka," mama alisema. "Kina alama zake hapo chini." Akaketi kwenye kiti chake, taratibu, bila kukipapasa. "Wewe unaiona kama duka la pipi. Mimi naiona."

Mjomba, na utu uzima wake, aliinama, akazitafuta tepu sakafuni, akaurudisha mguu mmoja mmoja. Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Alipomaliza akainuka, akaenda mlangoni, akalibeba begi la mama. Sogeza alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

Mjomba aliuliza begi hili likae wapi.

"Juu ya kabati lenye mlango wa buluu," mama alimjibu. "Utaliona."

Aliingia nalo chumbani. Sogeza alikuwa amekisukuma kiti bila kujijua, kimetoka kwenye alama kwa upana wa kidole. Alijifuta macho, akainama, akakirudisha.