Mabati Yenye Alama Nyekundu

Sufuria zote za mama zina alama ya rangi nyekundu ya kucha. Kijijini kwetu, upande wa Butiama, vyombo huazimwa kila penye msiba au harusi, na asiyeweka alama hurudi nyumbani na kifuniko cha jirani. Kucha zake mwenyewe mama hakuwahi kuzipaka. Chupa ile ilikuwa ya sufuria, vikombe na majembe, na nilipokuwa darasa la tano ikawa pia ya mabati.

Mabati hayo aliyanunua Bunda, mawili mawili, kwa biashara ya dagaa aliowafuata Mugango na kuwauza mnadani. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, nazo zilikuwa zimechoka. Ilivuja hasa pale tulipolala watoto, na mdogo wetu wa mwisho alikohoa kila masika. Mama aliapa kwamba masika ijayo haitamkuta mtoto yule chini ya nyasi. Mabati yalipotimia akaweka alama kwenye kila moja, upande wa chini, akayapanga ukutani.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kigango, kanisa letu dogo ambalo padri alilifikia mara moja kwa mwezi. Kuta zilikuwa zimesimama, paa hakuna. Jumapili moja katekista alifundisha habari za Daudi, mfalme aliyeona haya kukaa katika nyumba nzuri ya mierezi wakati sanduku la Mungu liko hemani. Baba hakupata usingizi wiki nzima. Alikuwa na imani ya kweli, hilo sitamnyima. Ila Daudi, nijuavyo mimi, hakuchukua mierezi ya mke wake.

Mama alikwenda Mugango siku tatu. Aliporudi, mabati yalikuwa yameshapigiliwa misumari juu ya kanisa.

Hakugomba. Aliuliza tu, "Yote?" Baba akajibu yote. Jumapili iliyofuata baba alisifiwa mbele ya watu, akapigiwa makofi, na mama alikaa benchi la nyuma ameinua shingo. Kutoka ndani alama zake zilionekana vizuri. Kimya kingi kina mshindo, na sisi watoto tulianza kunyata ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Mshindo ulikuja Jumamosi moja mchana. Wingu lilipanda kutoka upande wa ziwa, na mama akatubebesha godoro, blanketi na sufuria ya uji, akatuongoza mpaka kanisani. Alitandika godoro karibu na altare, chini ya mojawapo ya alama zake. Mvua ikashuka. Baada ya muda baba alitokea, ameloa chapachapa kutoka shambani, akasimama mlangoni.

"Mama watoto, hapa ni nyumba ya Mungu."

"Najua. Nimemkuta, na hajanifukuza."

"Watu watasemaje?"

Mama akamwonyesha mdogo wetu. "Mungu ulimwonea haya kukaa bila bati. Huyu amekuwaga ananyeshewa tangu azaliwe. Huyu ulimwonea haya lini?"

Baba akavua gambuti, akakaa palepale mlangoni. Mvua juu ya bati haikuruhusu maneno zaidi. Iliponyamaza mama hakuinuka, kwa hiyo waumini walitukuta Jumapili asubuhi na godoro letu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba hakusubiri kuulizwa. Alisimama mbele, bado na nguo za shambani.

"Makofi mliyonipigia hayakuwa yangu," alisema. "Mabati haya ni ya mama watoto. Niliyachukua tu, sikumwomba."

Mzee mmoja wa kamati alishauri yaezuliwe, mwenyewe arudishiwe. Wengine wakaitikia. Mama akatikisa kichwa.

"Yameshatobolewa na misumari. Mkiyarudisha yatavuja kwangu, na Mungu mtakuwa mmemwacha nje."

Ibada ikaendelea. Wakati wa matoleo watu walipanga mstari na sadaka zao, na mama akaingia mstarini mikono mitupu. Alipofika mbele aliinua mkono, akaonyesha zile alama moja baada ya nyingine, bila haraka, huku katekista akimsubiri na kikapu chake.

"Siku ile yalichukuliwa," alisema. "Leo ndiyo nayatoa."

Nilimpenda mama siku ile kuliko siku zote. Baba nilimhurumia, ingawa si sana.

Jumatatu baba alichukua mundu akaenda kukata nyasi. Hakuomba msaada wa mtu. Aliezeka wiki nzima, na alianza na pale anapolala mdogo wetu. Alipomaliza alishuka akamwita mama aje akague. Mama aliingia ndani, akajilaza mahali pa mtoto, akaangalia juu kwa muda mrefu kama alivyokuwa akifanya kanisani.

"Hapa bado mwanga unapita," alisema.

Baba akapanda tena.