Mchumba Mjapani, Dereva Mhindi na Shangazi wa Houston

Shangazi Mkamburi, dada mkubwa wa baba, ndiye mzee wetu pekee huku Texas. Baba alipiga simu kutoka Voi akasema wazi: shangazi akimkubali Haruo, harusi ipo, akimkataa, nimsahau. Ndiyo maana Jumamosi moja, enzi za simu za kukunja, nilitoka Grand Prairie, kando ya Dallas, kwenda Houston.

Asubuhi nilipitiwa na Sunita, Mhindi tunayefanya naye kazi Plano, aliyejitolea kutuendesha. Haruo, mchumba wangu Mjapani, alikuwa tayari garini, katulia na tai shingoni.

"Khana khaya?" Sunita akaniuliza, yaani, umekula?

Nikajibu bado. Kumbe kwao hiyo ni salamu, lakini ukishasema bado, mwenzio hana ujanja, lazima akulishe. Akageuza gari kwenda kuninunulia donati.

Baada ya Corsicana, lori la matikiti lilikuwa limepinduka, barabara imefungwa. "Chalta hai," akasema Sunita, yaani, mambo yanakwenda tu, wakati hata gurudumu moja halikuwa likizunguka. "Shikata ga nai," akaitikia Haruo, maana yake, hakuna la kufanya. Wote wawili wakatulia tuli. Hasira ya gari zima nikaibeba mimi.

Mchana tulifika Houston. Shangazi alitupokea leso kiunoni, akimpima Haruo kwa macho kuanzia viatu. Haruo akainama, akatoa boksi la keki kwa mikono miwili, akasema Kiswahili alichokariri wiki nzima: "Ni kitu duni, shangazi, lakini naomba upokee."

Shangazi akanigeukia. "Wakesho, mme-drive kutoka Dallas kuniletea kitu duni?"

"Ndivyo Wajapani wanavyosema wakitoa zawadi, shangazi. Hata iwe nzuri namna gani."

"Haya. Na siku ya kukutambulisha kwao atasemaje? Huyu ni mke duni?"

Sunita alicheka hadi akapaliwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Keki ililiwa ikaisha, wali ukaliwa, na shangazi hakutamka hata neno moja la kunipa matumaini.

Jioni tukasimama mlangoni kuaga. Haruo akainama tena. "Shangazi, naenda, narudi."

"Anarudi lini?" shangazi akauliza.

Nikaeleza haraka kwamba Mjapani akitoka nyumbani kwake huaga hivyo, itte kimasu. Sunita naye akasema hata Wahindi, anayeondoka husema naja, maana kusema naenda ni nuksi.

"Mimi sijauliza mila," akasema shangazi. "Mtu mzima amesimama mlangoni pangu, kaniaga kama anayetoka kwake, kasema anarudi. Basi arudi Krismasi, na wazee wake. Nitachinja mbuzi. Kesho nitampigia baba yako."

Njiani nilimfafanulia Haruo kwamba kuitiwa wazee ndiko kukubaliwa kwenyewe. Akaanza kuhesabu ndugu zake kwa vidole.

Nilichojifunza ni kwamba maneno ya kila siku, ya taifa lolote, yasemwe kwa uangalifu mbele ya shangazi. Yeye hatafsiri, anayashika vilevile yalivyo.

Tulipoupita mji wa Huntsville, Haruo akageuka. "Wazee wangapi?"

Nikalia kwa furaha mpaka Sunita akasimamisha gari.