Mkono wa Koko Dirishani

Nyumba yetu ya Kisangani ina ukuta mmoja tu ulionyooka, na ukuta huo ulikuwa wa bibi yangu. Nyumbani tunamwita koko. Alisali akiwa ameuelekea, mara tano kwa siku, kwa hiyo kila nilichotaka kutundika pale kilipaswa kwanza kupita mbele ya macho yake.

Nilikuwa nimeanza kutengeneza picha za ukutani kwa rangi ya kupuliza. Niliomba kwa majirani filamu za zamani za hospitali, zile za eksirei za kifua na mifupa ambazo watu huzihifadhi chini ya godoro miaka na miaka bila sababu. Nilichora juu yake, nikakata matundu kwa wembe, nikalaza filamu juu ya mgongo mweupe wa kalenda iliyokwisha, nikapuliza rangi nyeusi niliyonunua kwa fundi anayepaka pikipiki. Kisha niliinua filamu. Hata leo, kila ninapoinua, nabana pumzi. Sekunde moja kabla kulikuwa na uchafu na harufu kali. Sasa mtu yuko pale, kamili, kama aliyekuwa akingoja chini.

Mtu wa kwanza alikuwa jirani yetu muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, sura yake pana na kitambaa kichwani. Niliitundika picha yake asubuhi. Adhuhuri niliikuta imegeuzwa, uso ukutani.

"Koko, ni karatasi tu."

"Karatasi yenye macho," alisema. "Mimi niko nasali, yeye iko naniangalia. Nani atachoka mbele ya mwenzake?"

Ningeweza kucheka, lakini kulikuwa na jambo lililonibana. Mwisho wa mwezi koko angevuka mto kwenda Lubunga, kuishi kwa shangazi yangu, maana magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi zetu. Mimi ningebaki na nyumba. Na mwanamke huyu aliyenilea hakuwa na picha hata moja. Kila simu ilipoinuliwa kumpiga picha, alijifunika mtandio. Nilitaka abaki kwenye ukuta ule, hata kidogo. Nikamwomba nimchore.

"Sura yangu iko juu ya shingo yangu," alisema. "Moja inatosha."

Jioni ile sikukata tundu. Nilikata samaki mzima wa filamu, nikamlaza juu ya karatasi, nikapuliza kumzunguka. Koko alikuwa akichambua mchele karibu yangu, mtandio puani kwa sababu ya harufu. Nilipoinua, samaki mweupe alibaki katikati ya weusi.

"Rangi iko wapi mu samaki?" aliuliza.

"Hakuna, koko. Rangi iko pembeni tu."

"Donc haukuchora samaki."

"Nilichora mahali samaki hayuko."

Aliendelea kuchambua mchele. Aliokota jiwe, akalitazama, akalitupa.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, alikuja kibarazani nilipokuwa nakata. Alikuwa amekunja mkono wa nguo hadi kiwiko, na mkono wake wa kulia uling'aa mwekundu. Alikuwa ameupaka mawese, kuanzia ncha za vidole hadi juu ya kifundo.

"Puliza," alisema. "Mukono haina macho. Lakini mbele ya sala ya alasiri inatoka yote. Maji ya kutawadha isipofika mu ngozi, sala yangu inaenda wapi? Ndiyo maana nilipaka mafuta."

Aliuweka mkono juu ya karatasi, akakaza macho kwenye paa la jirani kama mtu anayechomwa sindano. Niligundua kwamba nilikuwa sijawahi kuutazama mkono ule kwa muda mrefu. Kidole kidogo kilipinda nje, kilivunjwa na mchi zamani wakati wa kutwanga pondu, majani ya muhogo. Nikapuliza polepole, kwa mbali, nikizunguka kila kidole. Rangi ilitua juu ya ngozi yake, nikaona haya, kama niliyemmwagia mkubwa wangu maji.

"Inua, koko."

Hatukuitazama karatasi. Tulikimbilia kuosha. Sabuni, majivu, dodoki. Mawese yalifanya kazi yake, weusi ulitoka vipande vipande kama ganda. Isipokuwa kwenye ukucha wa gumba. Pale rangi iling'ang'ania. Nilisugua kwa mafuta ya taa, haikutoka. Kutoka msikitini tukasikia kipaza sauti kikikohoa, kisha adhana.

"Bon," alisema koko, akaninyooshea gumba. "Weye ulileta, weye utoe."

Nilichukua wembe uleule wa kukatia filamu. Nilikwangua ukucha wa mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, kidogo kidogo, naye hakutikisika. Mimi ndiye niliyekunja uso na kufinya macho.

"Unakata kitunguu ao nini?" aliuliza.

Ukucha ulipobaki mtupu, aliugeuza kwenye mwanga, akaridhika, akaenda kutawadha. Alisali bila haraka. Mimi nilirudi kwenye karatasi.

Mawese yalikuwa yamepenya. Penye mkono, karatasi ilikuwa imelowa mafuta hadi nyuma, na nilipoiinua kuelekea jua, mkono uliwaka. Weusi wote ulizuia mwanga, na kiganja tu, na vidole vitano, kile kilichopinda kikiwamo, viliupitisha, rangi ya chungwa lililoiva. Nilisimama nikishindwa kuishusha. Sikuwa nimetengeneza kitu kile. Nilipuliza rangi tu. Mengine aliyafanya yeye na mafuta yake.

Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Kidole changu iko vibaya vile?"

"Iko vile, koko."

Aligusa ukingo wa karatasi. "Usiweke ku ukuta. Ukuta itazima yeye."

Kwa hiyo iko dirishani, upande jua linakotua. Koko aliondoka mwisho wa mwezi kama ilivyopangwa, na ukuta ulionyooka haujatundikwa kitu tangu hapo. Kila alasiri, mwanga unapopita kwenye karatasi, mkono hafifu wa rangi ya chungwa hutokea sakafuni, pale mkeka wake ulipokuwa, husogea taratibu, kisha huenda.

Koko hupiga simu kutoka ng'ambo ya mto.

"Ule mukono bado iko?"

"Iko, koko."

"Iko nafanya nini?"

"Imelala chini, ku nafasi ya mkeka."

"Uiache ilale," alisema alipopiga juzi. "Imetwanga sana."