Uji wa Mzazi kwa Sultani Bahili

Juzi nilitoka Pongwe kwenda Mabawa, kwenye harusi ya mjukuu wa dada yangu. Nimekaa zangu mkekani na wazee wenzangu, sahani ya pilau mapajani, mara binti aliyeshika kipaza sauti akapaza: "Mtunzeni jamani! Mwimbaji katoa jasho, mtunzeni!" Wanawake wakainuka wakicheza, kila mmoja na noti yake mkononi. Mimi nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka pilau likanipalia, mjukuu wangu akawa ananipiga mgongo, "Bibi, una nini?" Sikuweza kumweleza pale, kelele zilikuwa nyingi. Ngoja nikueleze wewe, taratibu.

Sisi watu wa pwani neno hili, kutunza, tunalitumia kwa mambo mawili. Mtu akiugua, au mwanamke akijifungua, tunamtunza: tunamkanda kwa maji ya moto, tunampikia, tunamfulia. Na mtu akiimba vizuri mbele ya watu, tunamtunza vilevile: unainuka, unamwendea ukicheza, unampa ulichonacho. Mkubwa hahitaji kuelezwa lipi ni lipi. Mtoto wa miaka minane anahitaji, nami sikuelezwa.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa naishi na bibi yangu Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, katika nyumba ya udongo yenye ukumbi mrefu na ua wa makuti nyuma. Bibi alikuwa mtu wa Tongoni, na kila alichopika kilikuwa na nazi ndani yake, hata vile usivyovitarajia. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji bombani, kusugua masufuria kwa majivu na makumbi ya nazi, na kupeleka vyakula nyumba za watu. Bibi alikuwa hawezi kusikia jirani ana shida akakaa kimya. Mwaka ule jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa mzazi, ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyetoka kujifungua, mtoto wake wa kwanza, na kila alasiri bibi alimpikia uji wa pilipili manga, mzito, wa kuleta maziwa, akautia kwenye birika la bati lenye maua mekundu. Mimi ndiye niliyelipeleka.

Nyuma ya nyumba yetu alipanga kijana mmoja mtu wa Pemba. Mchana alikuwa akitia vifungo kwa fundi cherehani, lakini hakuna aliyemjua kwa vifungo. Alikuwa mwigizaji katika kikundi cha michezo ya jukwaani, na katika kila mchezo aliimba na kupiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana. Watu walimwita Bwana Kodiani. Ijumaa moja kila mwezi, alasiri, kikundi kilicheza kwa ajili ya wanawake na watoto peke yao, katika ukumbi mmoja wa mabati. Basi wiki nzima inayofuata bombani hapakuwa na habari nyingine.

"Alipofika pale pa kulia, kaniangalia mimi," mmoja angesema.

"Alikuangalia wewe? Alikuwa anaangalia mlango, nawe umeuziba!"

Wangecheka mpaka ndoo zimwagike, kisha mmoja angeanza wimbo wake na wengine kuitikia, maji yakiendelea kumwagika na mwenye bomba akiwapigia kelele.

Mimi nilimpenda kwa sababu yangu mwenyewe. Nilikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo ukaendelea. Changu kilifunga mlango kabisa. Asubuhi moja bibi alinituma vitumbua, nikafika mbele ya mama wa vitumbua, na neno likagoma. "Vi-vi-vi-vi…" Watoto nyuma yangu wakaanza, "Garimoshi hilo! Linapanda mlima!" na mmoja akawa anapiga honi. Machozi yakanijaa. Bwana Kodiani alikuwa kwenye foleni na kinanda chake begani. Hakuwagombeza wale watoto. Alichutama tu karibu yangu, kama mtu anayefunga kiatu, akanambia kwa sauti ndogo, "Usilisukume, mwanangu. Liimbe." Akabonyeza kinanda, ikatoka sauti moja ndefu, na juu ya sauti ile nikaimba: "Vitumbua vinne, mama!" Vikatoka vyote vinne. Mama wa vitumbua akaniwekea cha tano, akasema hajapata kuimbiwa na mteja.

Toka siku ile nikawa napita mlangoni kwake kila asubuhi, namwamkia, "Shikamoo", nayo naiimba. Ananiuliza, "Leo neno gani linakusumbua?" Namwonyesha kwa kukwama. Ananipa sauti yake. Hakuwahi kuharakisha, hata siku ambazo fundi wake alikuwa keshaanza kumwita.

Sasa siku moja bibi na jirani yetu wa mkono wa kushoto walikuwa uani wanasuka ukili wa mikeka, mimi nasugua sufuria. Nikamsikia jirani:

"Mombasa wanamtaka yule kijana. Wameshamwita mara mbili."

"Tumeyataka wenyewe," bibi akajibu. "Mtu anatuimbia roho inatoka, sisi tunampigia makofi tu. Ijumaa hii tusipomtunza hasa, atatukimbia."

"Basi tukamtunze."

"Tukamtunze haswa. Kila mtu aje na chake."

Mkono wangu ukasimama ndani ya sufuria. Kumbe Bwana Kodiani hana wa kumtunza! Kweli, hakuwa na mama Tanga, wala mke, wala dada. Nikamwona akilini yuko peke yake chumbani, hapana wa kumkanda wala wa kumpikia. Na akienda Mombasa, mimi nani atanipa sauti? Nilijua kutunzwa ni nini. Nilikuwa naipeleka kazi hiyo kila alasiri ndani ya birika.

Ijumaa ikafika. Bibi alivaa kanga zake mpya, akanitangulia na wenzake, akaniambia nipeleke uji kwa mzazi kisha nimfuate. Nililishika birika, nikafika mlango wa jirani, nikasimama. Yule mzazi ana mama yake, nikafikiri, ana shangazi zake wawili, nyumba imejaa. Nikapita.

Ukumbini mlikuwa na joto la mabati, harufu ya udi na ya asumini vichwani mwa wanawake. Mchezo ulikuwa wa sultani bahili, anayealika watu karamu kisha akawawekea vyombo vitupu na kuwasifia chakula kisichokuwapo. Bwana Kodiani ndiye sultani, na kilemba kikubwa kuliko kichwa. Wanawake walimtukana kwa raha zao, "Mchoyo we! Utakufa na njaa yako!" Kisha sultani akaimba juu ya upweke wake, kinanda kikamfuata, na wale wale waliokuwa wakimtukana wakaanza kujifuta macho. Ndipo walipoinuka kwenda kumtunza: huyu na sarafu, huyu na leso, huyu na kichupa cha marashi. Nami nikaingia katikati yao na birika langu la maua mekundu.

Nilipofika mbele yake vicheko vilianza. "Huyo na birika anakwenda kumtawaza nani chooni?" Bwana Kodiani akasukuma kilemba chake nyuma, akiwa bado na uso wa sultani. Kisha akachutama.

"Umeniletea nini, mwanangu?"

Neno likafunga. "U-u-u…" Ukumbi mzima ukanitazama. Nilimwona bibi safu ya tatu, kashika mdomo. Nikatamani ardhi inimeze. Yeye hakunisaidia kusema. Alivuta kinanda, ikatoka sauti moja, akaishikilia, akaishikilia, mpaka nikaipanda:

"Uji wa mzazi, bibi kapika, ili usitukimbie!"

Mabati yalitetemeka kwa vicheko. "Mwezi ujao tutamkuta ananyonyesha!" mwanamke mmoja akapiga kelele. Mwingine akajibu, "Maziwa yatoke, tumletee na watoto wetu!" Mimi nilikuwa sijui nicheke au nilie.

Sultani akainua mkono. "Kimya! Sultani anakula."

Akaenda kwenye meza yake ya vyombo vitupu, akachukua kikombe, akamimina. Watu wote walidhani ataonja kidogo awachekeshe. Hakuonja. Alikunywa kikombe chote. Akamimina cha pili. Cha tatu. Vicheko vikapungua kimoja kimoja. Alikunywa kwa haraka, bila kuangalia watu, kama hakuna ukumbi pale, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu za bandia. Alipomaliza aliligeuza birika, akagonga kitako chake, tone la mwisho likatoka, akalinywa. Kisha akanirudishia birika kwa mikono miwili na kuniambia kwa sauti yake mwenyewe, si ya sultani, "Ahsante, mwanangu. Mwambie bibi ahsante."

Makofi yalipigwa kuliko siku zote. Jinsi anavyojua kuigiza, walisema wote!

Nje bibi alinishika sikio, ila hakulivuta. "Nimesema tukamtunze, nimesema tukamuuguze? Nani kakwambia yule mzazi?" Nikamwambia, "S-si mlisema atakimbia?" Akanitazama, akaanza kucheka, halafu kicheko kikakatika katikati, akanitazama tena. Jirani mzazi tulipomweleza alicheka mpaka mtoto akaamka. "Nimemkopesha uji wangu," akasema, "na anywe kwa afya."

Wiki tatu baadaye nilipita asubuhi kuimba shikamoo yangu, nikakuta mlango una kufuli. Kaenda Mombasa na basi la alfajiri. Nililia siku mbili. Nilimuuliza bibi kama ni uji wangu uliomwaibisha, akasema la, mtu hakimbii kwa kushiba. Lakini mwenye nyumba alituambia kwamba aliposafisha chumba alikuta jiko halina hata jivu, limefumwa utando wa buibui mdomoni. "Huyu alikuwa anakula nini?" Fundi cherehani akasema alikuwa anakula hotelini. Mwenye hoteli akasema hajamwona mwezi mzima. Mwingine akasema wapiga kodiani hawali kabla ya kuimba, ndiyo desturi yao. Mwingine akasema yale machozi ni pilipili manga tu, bibi yako ana mkono mzito. Kila mmoja alikuwa na hakika, na mimi nikawaamini wote, mmoja baada ya mwingine.

Kigugumizi kilikwenda kikipungua. Nilikuja kuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mtoto akikwama kwenye silabi sikumharakisha. Nilimpa sauti, akaipanda mwenyewe. Wengi wao leo ni watu wazima, wanaongea mpaka unawaomba wapumue.

Ule ukumbi wa mabati sasa ni ghala la saruji. Michezo ya alasiri kwa wanawake imekwisha, ukimweleza kijana wa leo anadhani unatunga. Foleni ya bombani haipo, na sijui wanawake wanabishania wapi siku hizi nani kaangaliwa na nani. Bibi, mzazi, jirani wa ukili, fundi, mwenye nyumba, wote wametangulia mbele ya haki. Na yeye, kama yu hai, ni mzee sana, mahali nisipopajua. Tulimpenda mji mzima, tulizijua nyimbo zake kwa moyo. Nadhani nimebaki mimi peke yangu Tanga hii ninayejiuliza kama siku ile, mbele yetu sote tuliokuwa tunapiga makofi, mtu yule alikuwa na njaa.