Bloga wa Kwa Vonza anayethubutu kuandika 'Bado sijui'

Saa tano asubuhi, kando ya mto mkavu nje kidogo ya soko la Kwa Vonza, Kitui, Nzisa Munyao amesimama karibu na pampu ya kusukuma kwa mkono, akiuliza swali ambalo wengi hapa wameshalizoea.

"Mliona kwa macho, ama mlisikia?"

Kina mama wawili waliokuja kuteka maji kutoka kijiji cha ng'ambo wanatazamana, kisha wanacheka. Walisikia tu. Nzisa anawashukuru na kuanza kumtafuta mwingine wa kuuliza.

Leo kuna picha inayozunguka kwenye simu za watu. Mwakilishi wa wadi ameshika mkono wa pampu hii, meno yote nje, na maneno yaliyo chini yanasema ameitengeneza kwa pesa zake mwenyewe. Nzisa, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anaandika blogu ya siasa za mashinani. Hataki kuisambaza habari hiyo wala kuikanusha kabla hajampata mtu aliyekuwepo fundi akifungua mabomba.

Ukiitazama kwa mbali, kazi ya bloga wa siasa ni kukaa na simu na kuwachokoza wakubwa. Ya Nzisa ni ya miguu. Matangazo ya wenye maduka humpa kama shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, ukiwa mwezi mzuri, na nyingi huishia kwenye bando na bodaboda.

Sababu ya kuthubutu kuandika 'Bado sijui' ilitokea papa hapa mwaka jana, kiangazi kilipokuwa kimekaza.

Picha ilimfikia alasiri. Ilionyesha pampu imefungwa kwa mnyororo na kufuli, mitungi ya manjano imepangwa foleni ndefu, na mtu hata mmoja hayupo. Maneno yake yalidai kwamba mwakilishi wa wadi amewafungia maji wasiompigia kura, na kwamba ufunguo amempa kibaraka wake, mama anayeitwa Kalondu.

"Niliiamini kabisa," anasema Nzisa. "Mimi nilizaliwa Nunguni, kule Makueni. Kwetu kwenye milima ya Kilungu maji yanateremka tu, nani atayafungia? Nikaona hiyo kufuli nikasema, huyu mheshimiwa ameoza."

Kichwa cha habari alikuwa ameshakiandika. Kilichomzuia ni mazoea yake ya kupiga simu. Aliyemtumia picha alikuwa ameipata kwa shemeji yake. Shemeji aliipata kwenye kundi la kanisa. Na huyo wa kundi la kanisa anaishi Mombasa, hajakanyaga Kwa Vonza tangu Krismasi.

Fahad, muuza simu sokoni ambaye tangazo lake ndilo hukaa juu kabisa kwenye blogu, alishindwa kuvumilia. Leo anasimulia huku akijikuna kichwa.

"Nilimwambia, dada Nzisa, wenzako wote wameposti, wewe unangoja nini? Watu walikuwa wananiuliza kama umenunuliwa. Nilimsukuma sana. Hata mimi nilikuwa na hasira."

Nzisa hakusukumika. Kesho yake asubuhi alipanda bodaboda akaja mwenyewe.

Alichokikuta kingemchekesha kama kisingemuumiza. Kisima hiki kilichimbwa na mwethya, yaani kikundi cha kina mama wanaosaidiana kazi, kabla mwakilishi huyo hajachaguliwa. Kalondu ndiye mwenyekiti wao. Maji hapa hukusanyika polepole chini ya mchanga, na ukisukuma bila kupumzika, pampu huanza kuvuta mchanga na kuharibika. Kwa hiyo kila siku adhuhuri wanafunga kufuli, na jioni wanalifungua. Na kwa kuwa hakuna wa kusimama juani bure, kila mama anauacha mtungi wake kwenye foleni umshikie nafasi, anakwenda shambani. Hata ukikaa huko hadi jioni, hakuna atakayeusogeza.

Picha ile basi haikuchezewa na mtu. Ilipigwa mchana, saa ambayo kila siku inakuwa hivyo.

Lakini jioni iliyotangulia, vijana waliojaa hasira ya simu walikuwa wamelivunja kufuli kwa jiwe. Watu walisukuma hadi giza likaingia. Nzisa alipofika, pampu ilikuwa inakohoa matope, kisha haikutoa chochote. Mtungi wa Kalondu ulikuwa umerushwa huko mtoni.

"Nilimkuta ameketi hapo chini," Nzisa anasema. "Akaniuliza, 'Mwiitu wakwa, binti yangu, jana ulikuwa wapi?' Sasa nitamwambia nini? Nilikuwa nahakikisha. Nilitaka kulia."

Makala yake ilisema yote: hakuna mwanasiasa aliyekifunga kisima, na hakuna mwanasiasa aliyekichimba. Watu wa mwakilishi walimtumia shukrani, kisha wakasoma hadi mwisho wakamtumia matusi. Wapinzani wa mwakilishi walikuwa wameanza na matusi moja kwa moja. Kina mama nao walitembea mbali kutafuta maji hadi mvua za vuli.

Angeweza kujipongeza kwamba hakudanganya mtu. Hajipongezi. Anasema kuhakikisha alifanya vizuri, ila alihakikisha kimya kimya, na kimya chake kiliwaachia wengine uwanja.

Tangu hapo, habari nzito ikimfikia, huandika papo hapo maneno machache: alichokiona, aliowapigia simu, na lile ambalo bado halijui. Kuna wanaomwita Madam Sijui. Fahad anasema kicheko kimepungua. "Siku hizi picha ikitoka, mteja anakuja dukani kuniuliza, Nzisa amesema aje?"

Kabla ya uchaguzi ujao, anataka kuwaunganisha mabloga wa Kitui na Makueni wawe wanapigiana simu. "Mtu wa Nunguni akipata picha ya huku, aniulize mimi. Nikipata ya huko, nimuulize yeye. Mimi nilijua mlima, sikujua mchanga."

Adhuhuri inakaribia. Kalondu anafika, ufunguo ukining'inia shingoni kwa kamba, na Nzisa anamuuliza kuhusu picha ya leo.

"Sisi ndio tulichanga tukaleta fundi," Kalondu anasema. "Mheshimiwa alikuja pampu inatoa maji. Akanywa, akapigwa picha, akaenda."

Nzisa anampigia fundi. Hapokei. Anaandika kwenye simu, kisha anamsomea Kalondu kwa sauti: "Nimeiona picha ya pampu. Kina mama wanasema waliitengeneza wao. Fundi sijampata, kwa hivyo bado sijui. Ninakwenda kwake."

Kalondu anamwomba arudie. Nzisa anarudia.

"Hayo tu," Kalondu anasema. "Siku ile ungeandika hayo tu, ningewaonyesha wale vijana."

Nzisa anatikisa kichwa kukubali, macho chini. Kalondu anazungusha mnyororo, anafunga kufuli na kulivuta kuona kama limeshika. Bodaboda imeshafika, na Nzisa amekwisha kupanda, Kalondu anapomwita.

"Ukimpata, rudi uniambie. Hata kama amesema vingine."