Hodi Magofuni

Mwaka ule nilikwenda kumchukua mama Bariadi nikiwa nimechoka hata kabla ya kupanda treni. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mtwara, na aliyemtupa Mtwara binti wa Kisukuma, mtoto pekee kwa mama yake, sikuwahi kumjua wala kumsamehe. Mama alikuwa anazeeka peke yake kando ya barabara, katika kijiji tulichohamishiwa wakati wa Operesheni ya vijiji nikiwa bado msichana. Kila likizo nilivuka nchi nzima kwenda kumwona, na kila niliporudi kazini niliwaza kwamba safari ijayo nitakuta msiba. Hofu hiyo ilinichosha kuliko treni. Nikaamua kumchukua akakae nami moja kwa moja, walau moyo wangu utulie.

Hakubisha, na kwa jinsi ninavyomjua hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Alisema pamba haina maana tena. Ghala la ushirika lilikuwa limefungwa, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na kuondoka walipotaka, na mgongo wake haukuwa tayari kuwafuata. Nilimuuliza kuhusu ng'ombe wake watatu. "Shauri lao nimeshalimaliza," akasema, nami nikaelewa kwamba ameuza. Nikamuuliza kuhusu kwetu kwa zamani, kule ng'ambo ya mto Simiyu, tulikokaa kabla ya malori ya Operesheni kuja, ambako baba alizikwa.

"Kule ni itongo tu, mwanangu. Kumeota majani."

Itongo kwetu ni mahali palipokuwa na kaya, kisha watu wakahama. Unapatambua kwa minyaa. Nyumba huanguka, mlango huliwa na mchwa, lakini ule ua wa minyaa uliopandwa na mwenye kaya huendelea kukua, umezunguka mahali pasipo na kitu. Ndani ya ua wetu kulikuwa na zizi, na langoni mwa zizi ndipo alipolazwa baba, kama walivyolazwa wenye kaya wa zamani. Tulipopandishwa kwenye lori, nyumba ilibomolewa ili tusipate pa kurudi. Mama hakulia siku ile. Aliniuliza tu kama nimebeba kinu.

Tulipanda treni Malampaka hadi Dar es Salaam, mimi na mizigo na kile kinu, mama akiwa amekumbatia furushi lake njia nzima kama mtu aliyeambiwa kuna wezi, na kwa kweli walikuwapo. Kusini mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo tukachukua meli. Ilikuwa meli ya tajiri mmoja, mpya machoni ingawa injini yake ilikohoa, ina soda baridi na video ya mieleka iliyopigwa tangu tunaondoka bandarini. Mama aliipa mgongo video, akatazama maji. Mimi nilijaribu kulala nikashindwa. Mwili ulikuwa hoi, na kila nilipofumba macho nilikiona chumba changu kimoja cha Mtwara na kujiuliza mama atakaa wapi mchana kutwa nikiwa darasani.

Tulipofika Kilwa Masoko injini ikagoma. Tukatangaziwa kwamba meli haitaondoka mpaka jioni, anayetaka kushuka ashuke. Nilichotaka mimi ni kibaraza chenye kivuli nijinyooshe. Lakini pale gatini palikuwa na mzee mwenye boti ya mashine, amepata wazungu wawili, mume na mke, waliotaka kuvushwa hadi kisiwani kuona magofu na kisha kuogelea. Alikuwa anatafuta wa kujaza nafasi kwa bei ya kutupa.

"Twende tukaone," mama akasema. "Kukaa hapa kutatupa nini?"

Kilwa nilikuwa nikiifundisha kila mwaka, kwa picha ya kwenye kitabu isiyozidi kiberiti. Nilijua masultani, dhahabu, majahazi ya biashara, yote nilikuwa nayaandika ubaoni bila kufikiri. Ungedhani moyo ungenidunda. Haukudunda. Nilitembea nyuma yao juani, viatu mkononi, nikihesabu miti yenye kivuli.

Yule mzee wa boti ndiye aliyekuwa pia mtembezaji. Alitufikisha kwenye kuta ndefu za mawe, akaeleza kwamba hapa ndipo sultani alipokaa, akapita kwenye tundu la lango na wazungu wakapita nyuma yake. Mama hakupita. Alisimama nje ya lango, akaweka furushi chini, akainama kidogo, akapiga makofi ya taratibu kama tunavyofanya kwetu unapofika kwenye kaya ya watu.

"Mwadila!" akaita. Ndiyo salamu yetu ya mchana.

Yule mzungu wa kike akageuka na kamera yake. Mzee wa boti akacheka, si kwa ubaya. Nilisikia uso ukiniwaka.

"Mayu, humu hamna watu," nikamwambia kwa Kisukuma. "Ni magofu. Wenyewe walishakufa zamani sana."

"Huu si mlango?"

"Ni mlango."

"Sasa unataka niingie kwa watu kimya kimya, mimi mwizi?" Akaita tena, kwa sauti zaidi. "Mwadila!"

"Karibuni," sauti ikajibu kutoka ndani.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kanga mbili, anafungua mbuzi aliowafunga kwenye kivuli cha ukuta. Hakuona ajabu yoyote kwamba mtu amebisha hodi kwenye nyumba isiyo na paa. Alimwamkia mama shikamoo, akatukaribisha tukae kwenye jiwe, akatupa maji. Mimi nikawa mkalimani, maana Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na cha yule mama kilikuwa cha pwani hasa.

Mama alitaka kujua kama yeye ndiye mwenye kaya. Yule mama akasema hapana, yeye ni mkulima tu, ana mihogo nyuma ya ukuta, nyumba yake ya udongo ni ile pale. Lakini alizaliwa hapo, na mama yake alizaliwa hapo.

"Na hamkuhamishwa?"

"Tuhamishwe na nani, bibi? Nyumba hizi zilianguka zamani, watu tukabaki."

Nilipotafsiri hayo, mama alizitazama zile kuta moja baada ya nyingine. Kisha akauliza makaburi yako wapi. Yule mama akaonyesha kwa kidevu, upande wa baharini, akasema huwa wanakwenda kufagia.

"Ya watu wale wale wa zamani?"

"Wale wale. Waliolala wanataka kusikia watu."

Mzee wa boti alikuwa anaendelea kueleza mambo ya dhahabu upande wa pili wa ukuta. Mama hakwenda kumsikiliza. Alikaa na yule mama mpaka tulipoitwa.

Baadaye boti ikatuzungusha hadi ufukweni, mchanga mweupe, hakuna mtu. Wazungu wakavua nguo wakajitupa majini. Mimi nikalala chali chini ya mkoko, na kwa mara ya kwanza tangu Malampaka usingizi ukaanza kunichukua. Nilipofumbua macho mama alikuwa amesimama majini hadi muundini, kitenge amekipandisha, ameshika kidumu chetu cha maji ya kunywa. Alikuwa ameyamwaga yote. Anajaza maji ya bahari.

Nikaenda mbio. "Mayu, hayo hayanyweki."

"Nimeonja. Chumvi tupu." Alisema kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia safari nzima. "Chumvi yote hii imekaa bure, na ng'ombe wangu wanalamba udongo."

"Ng'ombe gani? Si umeuza?"

Akafunga kidumu, akakipangusa na pindo la kitenge.

"Nani kakwambia nimeuza? Nimewaweka kwa baba yako mdogo anichungie."

Kwetu mtu anayehama moja kwa moja huuza. Ng'ombe ukiwaweka kwa ndugu, maana yake utarudi kuwadai. Nilikaa pale pale kwenye maji. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na kiu, na maji ya kunywa yalikuwa yameshamwagwa baharini.

"Kwa hiyo ulikuja kunitembelea tu," nikamwambia.

"Nilikuja nione kama naweza. Ningeweza, labda. Lakini umemsikia yule mwenzangu." Alitazama upande wa magofu. "Miaka yote hii naambiwa kule kwetu ni itongo, nami nikasema ndiyo, ni itongo. Baba yako amelala pale, hasikii hata kwato. Si mnasema siku hizi ruksa? Mtu anakaa anapotaka?"

"Utafia kule peke yako."

"Labda."

Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia kuhusu treni, kuhusu meli, kuhusu usiku ninaoukesha nikisubiri simu ya maandishi kutoka Bariadi. Nikalia mbele ya wazungu, wao wakajifanya wanatazama samaki. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Hakubadilika.

Jioni injini ya meli iliwaka, tukafika Mtwara. Alikaa nami muhula mzima, akanipikia, akajuana na majirani, na kile kidumu kikakaa chini ya kitanda nisikiguse. Shule zilipofungwa nilimrudisha. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye tena, wala sikuwa na nguvu ya safari, ila safari haiulizi.

Hatukwenda kijijini kando ya barabara. Tulivuka Simiyu penye maji haba, mama mbele na kidumu chake kichwani, mimi nyuma na mizigo iliyobaki, kinu kikiwamo. Minyaa ilikuwa imerefuka kupita kimo cha mtu. Ndani majani yalifika kiunoni. Baba mdogo alikuwa ameshafika na vijana wake kuanza kufyeka, na ng'ombe watatu wa mama wamesimama upande, wamekonda kwa kiangazi.

Mama akaingia kwenye uwazi wa ua, akaita salamu yake, akasubiri kidogo, kisha akaenda moja kwa moja hadi palipokuwa lango la zizi. Akafungua kidumu, akamimina maji ya Kilwa juu ya udongo pale alipolala baba, polepole, hadi tone la mwisho. Kisha akasogea.

Ng'ombe walinusa. Yule dume akaja kwanza, akainamisha kichwa, akalamba. Wenzake wakamfuata wakisukumana, wanakanyaga, wanalamba udongo ule na kugonga kwato zao juu yake. Mama alisimama kando akiwasikiliza. Baba mdogo aliacha kufyeka.

Mimi nilikuwa bado nje ya ua na mzigo kichwani. Nilijua wiki ile ile nitarudi Mtwara peke yangu, na kwamba ile hofu narudi nayo. Shingo iliniuma. Nikaanza kuingia ili nitue.

"Hebu," mama akasema kutoka ndani. "Ndivyo unavyoingia kwa watu?"

Nikarudi nyuma. Nikatua mzigo, nikainama, nikapiga makofi.

"Mwadila!"

"Mwadila," akajibu mama. "Karibu, mwanangu."