Seva Mbili Nyuma ya Kufuli

Tii! Mlio mmoja, mfupi. Emiliana aliukumbuka tangu siku kompyuta ya kwanza ilipowaka bila diski, wanafunzi wa chuo kile cha Ipagala wakapiga vigelegele kana kwamba kumezaliwa mtoto.

Kabla ya hapo wezi walizing'oa diski zote, na mkuu wa chuo, Mwalimu Nathanaeli, akataka maabara iwe stoo ya vitanda vya bweni. Emiliana, fundi wa maabara, akamsihi: kompyuta zitaamka kwa waya, zikivuta kila kitu kutoka kwenye seva moja, kompyuta mama. Seva ikawekwa ofisi ya uhasibu, ndani ya nondo na kufuli, mwizi asiifikie. Leo wajumbe wa bodi wanakuja kutazama. Wasiporidhika, vitanda vinaingia.

Jana jioni Fredy, fundi wa kukodi, aliunganisha humo humo seva ya pili, ya maktaba, kwenye waya uleule. Alfajiri mhasibu Masudi akaenda mazikoni Kondoa, ufunguo wa ofisi mfukoni.

Kompyuta ikiwashwa hupiga hodi kwenye waya. Anayewahi kuitikia ndiye mwenyeji wake. Sasa wenyeji ni wawili, na huyu mpya ni mwepesi wa kukaribisha, ila hana hata kigoda cha kumkalisha mgeni wa maabara: programu za kuiwasha hanazo. Kompyuta chache ziliwaka. Nyingine zote, skrini nyeusi.

"Madam, yangu imesusa," alisema Shamimu, mmoja wa wanafunzi.

"Yako imesusa? Yangu imefiwa," akadakia Matonya. "Inakaa matanga."

Emiliana akampigia Fredy.

"Dada Emi, ingia tu ofisini uchomoe waya wangu."

"Ofisi imefungwa. Nipe nywila niizime kutoka huku."

"Hiyo haizimiki kwa mbali, dada. Mpaka ukae mbele yake." Akacheka. "Vunja kufuli!"

Alikwenda, akalishika. Alilichagua yeye mwenyewe, zito kuliko yote dukani. Dirishani aliziona taa za kijani zikikonyeza, seva zote mbili, nzima kabisa. Simu ya Masudi haikupatikana.

Wajumbe wakafika. Mama mmoja mtu mzima aliketi mbele ya kompyuta, akangoja kwa adabu, mikono mapajani, kama yuko kanisani.

"Mwanangu, ndivyo inavyokuwa?"

"Hapana, mama. Shikamoo. Jaribu ile pale."

Ile pale nayo nyeusi. Emiliana akazima, akawasha. Akazima tena.

Wageni walipotoka, Mwalimu Nathanaeli alibaki mlangoni. Hakufoka, heri angefoka. Alinyoosha kiganja tu. Emiliana akauvua ufunguo wa maabara kwenye kamba ya shingoni, akauweka pale.

"Mlango huu hukwama, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini mno. "Usukume kwa bega, taratibu."